Kwa Mwanasheria Mkuu: Mama Yangu Yu Hai, Naomba Sheria Imtambue

Kwa Mwanasheria Mkuu wa Jamhuri ya Kenya,
Sheria House, Harambee Avenue,
Nairobi.

Mheshimiwa,

KUH: USIMAMIZI WA PENSHENI YA MZAZI ALIYEPOTEZA KUMBUKUMBU

Nakuandikia wewe, wala si Waziri wa Fedha, kwa sababu pensheni ya mama yangu inalipwa. Alifundisha shule ya msingi ujana wake wote, akastaafu akiwa na miaka 55, kabla serikali haijapandisha umri wa kustaafu hadi 60 mwaka 2009. Kila mwezi haki yake inaingia benki. Shida huanza hapo. Pesa zikishaingia, hakuna mtu mwenye idhini ya kuzigusa ila yeye mwenyewe, na yeye hajui tena kwamba zipo.

Mama ana ugonjwa wa kusahau, ule madaktari wanaouita dimenshia. Tunaishi naye mtaa wa Umoja, hapa Nairobi. Asubuhi anaweza kukutajia walimu wakuu wote aliofanya kazi chini yao, mmoja baada ya mwingine. Jioni ananiuliza mimi ni mtoto wa nani. Saini yake haifanani tena na ile iliyo kwenye faili. Benki ilipotaka afike mwenyewe kurekebisha taarifa zake, nilimpeleka. Karani akamuuliza kama ananiruhusu nimsaidie, naye akajibu kwa adabu zake zote za ualimu kwamba huyu mama aliyekuja naye hamfahamu. Karani akafunga faili. Simlaumu hata kidogo. Mwenye pesa amenikana mbele yake, na sheria haikumwachia njia nyingine ya kutusaidia.

Watu hushauriana mitaani: nendeni kwa wakili, mzee atie saini hati ya uwakili, yaishe. Ushauri huo unafaa kwa mzee anayeumwa miguu au anayeishi mbali na benki. Haufai kwa mzee anayepoteza kumbukumbu, maana uwakili ni mamlaka ya mtu mwenyewe aliyomkabidhi mwingine, na kwa sheria tunayoifuata, akili ya aliyeikabidhi ikiondoka, hati nayo inakufa. Yaani mzazi mwenye busara aliyejiandaa mapema, akamteua mtoto anayemwamini, akalipa wakili na kusajili, anabaki mikono mitupu siku ileile aliyokuwa akijiandalia. Kanuni hiyo tuliirithi kwa Waingereza. Wao waliona ubaya wake, wakatunga sheria mwaka 1985 ya uwakili unaoendelea hata baada ya akili kupotea, kisha mwaka 2005 wakaiboresha kwa sheria nyingine pana zaidi. Sisi tumebaki na ile waliyoiacha.

Njia iliyobaki ni Mahakama Kuu. Sheria ya Afya ya Akili, Sura ya 248, inaruhusu jaji kumteua jamaa awe mlezi wa mgonjwa na msimamizi wa mali yake. Nimeisoma na ina mambo mazuri ndani yake. Msimamizi haruhusiwi kuuza wala kuweka rehani mali ya mgonjwa bila idhini ya mahakama, na anatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu zake, mahakamani na kwa Mdhamini wa Umma, yule ofisa wa Serikali anayesimamia mirathi. Majaji wa Mahakama Kuu ya Milimani, Nairobi, nao wamejitahidi kuitumia kwa ajili ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau. Lakini tazama anachotakiwa kufanya binti wa mwalimu mstaafu kutoka Umoja: atafute wakili, aandike ombi na hati za kiapo, apate ripoti za madaktari, ndugu wote waweke saini ya kukubali, hata yule ambaye hajapiga simu tangu Krismasi ya mwaka juzi, kisha asubiri tarehe, na mgonjwa aonekane mbele ya jaji. Mwenye shamba la ekari mia na nyumba za kupangisha hana budi kupitia huko, na ni vyema apitie. Sisi tunazungumzia pensheni ya mwalimu wa shule ya msingi. Gharama ya kuomba ruhusa inaweza kumeza miezi mingi ya hizo pesa zinazoombewa ruhusa.

Hapa ndipo ninapoomba uniangalie kwa makini, Mheshimiwa, maana jambo lenyewe liko ofisini mwako. Mdhamini wa Umma yuko chini yako. Mtu akifariki akiwa ameacha mali kidogo, familia haihitaji kufungua kesi Mahakama Kuu. Inakwenda kwa chifu, inapata barua inayotaja warithi, inachukua cheti cha kifo na vitambulisho, inapeleka kwa Mdhamini wa Umma, naye ana uwezo wa kisheria wa kusimamia mirathi ndogo kwa njia fupi. Kuna ucheleweshaji, najua, lakini njia yenyewe ipo, na walioitunga walifikiria wajane na mayatima wasio na fedha za wakili.

Basi mama yangu angekuwa amefariki, serikali ingekuwa na njia fupi ya kunifikisha kwenye vijisenti vyake. Kwa kuwa yu hai, anakula, anahitaji dawa, anahitaji nepi za watu wazima na mtu wa kukaa naye nikiwa kazini, njia ni ndefu na ya gharama. Sheria imemhurumia maiti kuliko mgonjwa. Siamini kuna mtu aliyekaa akaamua iwe hivyo. Nadhani tu kwamba zilipotungwa sheria hizi, wazee waliofika umri wa kupotewa na kumbukumbu walikuwa wachache, na waliofika walikuwa kijijini, mali yao ni shamba na mifugo ambayo ukoo mzima ulijua ni ya nani. Leo mali ya mzee ni tarakimu kwenye akaunti na laini ya simu.

Na unajua familia zinafanyaje? Zinatumia kadi na namba ya siri. Nairobi nzima ndivyo ilivyo. Mtoto ana kadi ya ATM ya baba, anatoa pesa mwisho wa mwezi, ananunua dawa. Simu ya mama iko mfukoni mwa binti, na ujumbe wa M-Pesa unasomwa na binti. Wengi wao ni watu wema kabisa wanaojinyima ili mzazi ale. Lakini mbele ya sheria wanashika kadi isiyo yao, na ndugu mmoja akikasirika anaweza kuwaita wezi, nao hawana karatasi ya kujitetea. Kwa upande wa pili, yule anayekopa kwa laini ya nyanya yake na kumwachia deni anatumia kadi ileile, simu ileile na namba ileile ya siri. Ukiwasimamisha pamoja, mlezi na mnyang'anyi, hakuna hati ya kuwatofautisha. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi zaidi ya foleni za benki. Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee waishi kwa heshima, wasidhulumiwe, na wapate matunzo ya kutosha kutoka kwa familia zao na Serikali. Sasa matunzo na dhuluma vyote viwili vinapita mlango mmoja wa uani, gizani, kwa sababu mlango wa mbele haufikiki.

Mimi binafsi nina daftari. Kila shilingi ya Mama inaandikwa: dawa, chakula, mshahara wa dada anayemwangalia mchana, nauli ya kwenda kliniki. Kaka yangu aliye Mombasa hutumiwa picha ya kila ukurasa. Hakuna aliyenilazimisha, na hapo ndipo tatizo lilipo: uaminifu wa mlezi umeachwa uwe hiari yake.

Kuna watakaosema jambo hili ni gumu, watoto wataiba, nani atawachunguza. Nawajibu kwamba Serikali yenyewe imeshalifanya. Katika mpango wa Inua Jamii, mzee wa miaka 70 na zaidi anayepokea shilingi 2,000 kwa mwezi anaweza kuandikishiwa mlezi wa kumpokelea ikiwa hawezi kwenda mwenyewe. Hakuna jaji aliyehitajika. Marekani nako, idara inayolipa mafao ya uzeeni humteua mtu wa kupokea kwa niaba ya asiyeweza, bila kesi, na kumtaka awe tayari kutoa hesabu ya alivyozitumia. Si kwamba hakuna anayeiba huko. Lakini anayeiba anajulikana jina, alikubali wajibu kwa maandishi, na kuna pa kumshtakia.

Ninachokuomba ni muswada, Mheshimiwa. Utambue kwanza hati ya uwakili isiyokufa akili ya mwenye mali inapopotea, itiwe saini angali timamu, mbele ya shahidi asiye na maslahi, ikiwa na maelezo ya daktari kwamba alielewa anachotia saini. Kwa wale ambao wamechelewa, kama Mama, Mdhamini wa Umma apewe uwezo wa kumteua msimamizi wa mapato madogo ya kila mwezi kwa ripoti ya daktari wa hospitali ya umma na barua ya chifu, ndugu wapewe notisi na muda wa kupinga. Uwezo wa msimamizi huyo uishie kwenye pensheni na matumizi ya kawaida; asiguse shamba wala nyumba, hayo yabaki kwa Mahakama Kuu. Atoe hesabu kila mwaka. Benki ziamriwe kuitambua hati hiyo, maana karatasi ambayo karani hajaagizwa kuikubali haina kazi.

Na naomba mwandishi wa muswada huo asimfute mzee. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu chake cha 12 kinadai kwamba matakwa ya mtu yaheshimiwe na hatua zozote za kumsaidia zipitiwe upya mara kwa mara na chombo huru. Mama hajaondoka kabisa. Mwulize asubuhi, baada ya chai, kama anataka pesa zake zimlipie karo mjukuu, atakujibu na kukupa sababu. Mwulize jioni, utapata jibu jingine. Sheria nzuri itamtaka afisa aje asubuhi. Naona mara nyingi watu wakishasikia neno dimenshia wanaanza kuzungumza na mimi, yeye ameketi palepale, na inaniuma kuliko usumbufu wote wa benki.

Sijui kama nitakuwa na Mama muswada utakapofika Bungeni. Nyuma yetu wako wengine wengi, walimu, manesi, makarani wa wizara, maaskari wa zamani, na watoto wao wenye kadi mfukoni na hofu moyoni. Mkiitisha maoni ya umma nitakuja, na nitaleta daftari la matumizi ya Mama mlikague ukurasa kwa ukurasa. Ningependa kuwa mtu wa kwanza kukaguliwa chini ya sheria hiyo.

Wako mwaminifu,

Binti wa mwalimu mstaafu,
Umoja, Nairobi.