Kwa sahibu yangu, kuhusu upinde unaotetemeka

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Bashrafu, ule muziki wa ala wa kufungulia taarabu, unaipiga kwa fidla yako na wenzako bila taabu, lakini ikifika taksimu yako, pale unapobuni peke yako, ukumbi umenyamaza na macho yote yako kwako, upinde unarukaruka juu ya uzi na sauti inakatikakatika. Unataka kumwomba kiongozi wa kikundi nafasi hiyo apewe mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Nakusihi usimwambie lolote kabla hujajaribu haya ninayokuandikia.

Mwili ukihisi hatari, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini. Moyo huenda mbio, damu hupungua vidoleni hata viganja vikawa baridi katika joto la Februari, na ule mtetemo mdogo ambao misuli ya kila mtu inao siku zote huongezeka. Mpiga dumbaki naye hutetemeka, ila ngoma yake haimchongei. Upinde wa fidla una urefu wa karibu sentimita 75 na unashikwa upande mmoja tu, basi kinachotikisika kidogo kwenye kidole gumba huonekana kikubwa kwenye ncha. Hujawazidi wenzako kwa woga. Ala uliyoichagua haifichi kitu. Pablo Casals, bingwa wa selo, ile ala kubwa ya jamii ya fidla, aliishi na woga wa jukwaani maisha yake yote, na alipiga hadharani mpaka uzeeni.

Kinachoharibu taksimu zaidi ya mtetemo ni kupigana nao. Ukiusikia, unabana kidole gumba ili upinde utulie. Gumba likikaza, kiganja hukaza, kisha kiwiko, bega hupanda kuelekea sikioni, na pumzi inasimama. Hapo mkono mzima umekuwa kipande kimoja kigumu, na kila tikisiko hupita moja kwa moja hadi kwenye uzi. Kwa hiyo kazi yako ni kulegeza, na hilo hufanyiwa mazoezi kama vile unavyofanyia mazoezi maqamu, zile ngazi za sauti tunazopigia.

Kila siku tenga dakika kumi. Weka upinde juu ya uzi, karibu na mahali unapoushika, wala usivute. Toa pumzi yote. Hakikisha gumba limepinda na kidole cha mwisho kinaweza kuinuka na kushuka bila upinde kuyumba. Ndipo uvute upinde mzima kwa sekunde nane, ukitoa pumzi tena taratibu. Baada ya mivuto michache, tetemesha mkono kwa makusudi, kwa nguvu, katikati ya upinde, kisha uache mtetemo huo uyeyuke ndani ya mvuto mrefu. Zoezi hili la mwisho wengi hulidharau, na mimi naliona ndilo lenye faida kuliko yote: mkono unajifunza njia ya kutoka kwenye mtetemo bila kubana.

Sasa taksimu yenyewe. Usiifungue kwa sauti ndefu, nyembamba na ya chini katikati ya upinde. Najua inapendeza, lakini ndiyo sauti ngumu kuliko zote kwa mkono wenye adrenalini, kwa sababu upinde unaokwenda polepole na mwepesi haushiki uzi. Anza upinde ukiwa umeshatua, kwenye uzi mnene, kwa sauti ya wastani, na uusogeze kwa kasi: sekunde mbili kwa mvuto, si sita. Uzito utoke mkononi kote, usiwe wa kusukuma kwa kidole cha shahada. Mapigo ya moyo huwa juu zaidi muda mfupi kabla ya kuanza na mwanzoni kabisa. Baada ya vifungu vitatu vinne utaweza kurefusha sauti na kuipunguza.

Maqamu ichague mapema. Katika maqamu ya Bayati inayoanzia sauti ya re, ile mi iliyoshushwa robo ya toni inahitaji sikio tulivu, na shingo ya fidla haina alama za kukusaidia. Mkono ukikaza, kidole huelekea kupanda, na msikilizaji wa taarabu hulijua kosa hilo papo hapo. Kama maqamu ya Hijazi ndiyo unayoifahamu usingizini, piga Hijazi. Kisha, ingawa taksimu ni ya kubuni, andaa mifupa yake: kifungu cha kuanzia, vituo viwili vya kupumzikia, na kifungio cha kumpokeza mwimbaji. Ukipotea katikati, unarukia kituo kilicho karibu. Anayepanda jukwaani bila vituo hulazimika kubuni wakati ule ule anaoogopa, na hapo ndipo akili inapoganda.

Jambo la pili kubwa ni kwamba unafanya mazoezi ukiwa mtulivu, halafu unashangaa ustadi unapokukimbia moyo ukienda mbio. Mkono lazima uzoee kupiga katika hali ileile. Wiki ya kwanza, jirekodi kwa simu mara moja tu kwa siku, bila kurudia hata ukikosea. Wiki ya pili, panda na kushuka ngazi mpaka moyo upige kama mara 120 kwa dakika, kaa, na uanze taksimu kabla ya nusu dakika kupita. Utatetemeka, viganja vitatoa jasho, na utapiga hivyo hivyo mpaka kifungio. Wiki ya tatu, watafute wasikilizaji: wawili, kisha watano, kisha kumi, usiku, ukiwa umevaa nguo utakazovaa siku hiyo. Mkono wa koti unaobana kwapani umewaharibia wengi ambao waliulaumu woga.

Siku yenyewe, kula mapema na kwa kiasi. Kahawa ya barazani iache tangu adhuhuri, maana nusu yake huwa bado iko mwilini saa tano hivi baadaye, nayo huongeza mtetemo uleule. Viganja vipashe kwa maji ya vuguvugu. Dakika tano kabla ya kutoka, vuta pumzi kwa sekunde nne na uitoe kwa sita, bila kulazimisha. Wala usijiambie "tulia." Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alichapisha majaribio ambamo watu waliojiambia kwamba wamesisimka waliimba vizuri kuliko waliojiambia kwamba wana wasiwasi, na katika kuhutubia waliwashinda waliojiambia kwamba wametulia. Moyo unaokimbia ni rahisi kuupa jina jema kuliko kuuzima.

Angalia na upinde. Mwenye wasiwasi hukaza skrubu kupita kiasi, na upinde uliokazwa mno hurukaruka wenyewe. Pengo kati ya nywele na mti, hapo katikati, lisizidi unene wa penseli. Unyevu wa pwani usiku hurefusha nywele, nawe unakaza. Ukiingia kwenye ukumbi wenye kiyoyozi zinajifupisha na upinde unakuwa mgumu kama fimbo. Ukague upya ukishakaa kitini.

Umeuliza kuhusu vidonge. Propranololi huzuia adrenalini isiuchochee moyo na misuli, na kweli hupunguza mtetemo. Katika uchunguzi wa 1987 kwa wanamuziki wa okestra za Marekani, zaidi ya robo ya waliojibu walisema wamewahi kutumia dawa za aina hiyo. Lakini ni dawa ya daktari. Mwenye pumu haimfai kabisa, mwenye mapigo ya moyo ya polepole ni hatari kwake, na kwa mwenye kisukari anayetumia insulini huficha dalili za sukari kushuka. Wewe ulikuwa na kifua utotoni, kwa hiyo usichukue kidonge cha mwenzako hata kwa kujaribu. Tena haiondoi fikra za woga. Inatuliza mkono tu, na mkono tuna njia ya kuufundisha.

Niandikie umechagua maqamu gani, na unitumie rekodi ya siku ya kwanza ya wiki ya pili, ile ya baada ya ngazi, pamoja na makosa yake yote. Nitaisikiliza kifungu kwa kifungu nikuandikie ni wapi bega linapanda.

Wasalimie wazee.

Sahibu yako