Buriani fundi wetu wa Keko, aliyefundisha wengi bila cheti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimuage mtu ambaye wasomaji wako wengi wa Dar hawamjui hata kwa jina ila inawezekana kabisa usiku wanalala kwenye kitanda alichokipigilia yeye. Tumemzika mwezi uliopita, fundi seremala wa Keko. Familia haikupenda jina litoke gazetini kwa hiyo nitamwita Mzee, kama tulivyomwita wote pale karakana.

Mzee alikuwa Mnyamwezi wa Urambo, na mtu wa mbao ukimtajia Tabora anajua unaongelea mninga, ule mti wa mbao nzuri za samani. Alikuja mjini kijana kwa treni ya reli ya kati miaka ya sabini, akaanza kwa kubeba mbao pale Keko, baadaye wakampa msasa, baadaye ndio akashikishwa randa na tangu siku hiyo hakuiachia mpaka macho yalipogoma. Miaka ya themanini mwanzoni vitu vilipoadimika madukani msumari wenyewe ulikuwa wa kutafuta kwa tochi, ndipo akajifunza kwa lazima kuunganisha kitanda kizima kwa mbao tupu, yaani ulimi wa ubao huu unaingia kwenye tundu la ubao ule, unachomeka kipini cha mti kukaza, basi. Misumari iliporudi yeye hakubadilika. Mpaka leo kuna vitanda vyake Keko Machungwa na Chang'ombe vimehamishwa nyumba hadi nyumba na havilii.

Mimi alinipokea nikiwa mtoto wa mtu sina pa kwenda, nikalala sebuleni kwake pamoja na wanawe wa kiume, na mama akipakua chakula sahani yangu ilikuwa sawa na zao. Hilo silisahau. Jumamosi mchana akishatulipa vijana alikuwa anaenda nyumbani moja kwa moja, hapiti popote, hela anamkabidhi mama mbele ya watoto wote, wanahesabu pamoja, hii ya ada, hii ya unga na mchele, hii ya mbao wiki ijayo. Nimefanya kazi na mafundi wengi wenye mikono mizuri kuliko hata yake, wengi wao nyumbani hali ilikuwa mbaya sana kwa sababu hela ya kazi iliishia njiani. Kwake watoto wote wamesoma. Binti yake wa pili akataka ufundi, watu wakaanza maneno, mtoto wa kike na randa wapi na wapi, Mzee hakubishana na mtu, alimpa patasi zake mwenyewe zile alizokuwa hataki tuziguse. Huyo binti ndiye anaendesha karakana sasa hivi, na kwa kupiga vanishi hapo Keko mimi sijaona wa kumfikia.

Sasa nieleze kitu kimoja ili mtu aelewe alikuwa fundi wa aina gani. Mwaka 2016 wakati wa ile kampeni ya madawati ya Rais Magufuli, mwisho ulikuwa Juni 30, kila karakana ilikuwa inakesha. Akaja bwana mmoja na tenda nono, mbao analeta mwenyewe, za misindano, yaani paini. Mzee akachukua ubao mmoja, akaulaza shavuni kama anausikiliza, maana ubao wenye maji unakuwa wa baridi kuliko mkavu. Akasema hizi bado mbichi, zikikauka zitasinyaa, maungio yote yatalegea na mtoto wa watu ataanguka, halafu lawama kwa mafundi wa Keko, zianike kwanza. Yule bwana akasema hana muda huo. Mzee akasema basi na mimi sina kazi hiyo. Sisi vijana tulikasirika sana jamani, Ramadhani ilikuwa imeanza na sikukuu ndio hiyo inakuja, lakini hakurudi nyuma, alitutafutia kazi ya milango kwa mtu mwingine tukapata cha kupeleka nyumbani.

Siku ya msiba walijaa watani zake Wazaramo, wakaikamata randa yake wakakaa nayo mlangoni, eti haitoki mpaka walipwe, Mnyamwezi gani huyu anaondoka kabati la watu hajamaliza. Na kweli lilikuwepo. Makaburini mtoto mkubwa aliposema anayemdai marehemu aje aonane na familia, alikuja mama mmoja ametoa advansi ya kabati la mninga, wakataka kumrudishia hela akakataa, anataka kabati, tena limaliziwe na yule binti. Wanalimalizia.

Kinachoniuma, Mhariri, ni kwamba mtu huyu amewafundisha vijana wanaolisha familia zao leo Mbagala, Tandika, Kigamboni mpaka Morogoro na hakuwahi kuwa na karatasi yoyote inayosema yeye ni fundi. Tunajua VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazini, ni jambo zuri na nawapongeza, ila mzee wa miaka sabini hawezi kuacha kazi za wateja akafuatilie fomu, na Mzee kila nikimwambia alikuwa anasema nitaenda kazi zikipungua. Hazikupungua. Naomba wahusika waje wao karakana, wakae hata siku mbili waone mtu anavyopima, anavyokata, anavyounga, wampe cheti chake hapo hapo kwenye maranda, na ikiwezekana walipwe kitu wakafundishe vyuoni, kwa sababu kuujua ubao kwa shavu kitabuni sidhani kama kupo.

Na kwako Mhariri ombi langu ni dogo. Tuma mwandishi mmoja apite Keko. Wapo wazee wengine wa rika lake wamebaki, wana mengi na wanapenda kuulizwa, aje tu asubuhi mapema kabla mashine za kupasulia mbao hazijawashwa, maana zikishawashwa hapasikiki kitu.

Fundi seremala,
Mbagala, Dar es Salaam