Barua kwa mwanangu aliye Malindi: samaki yule alikuwa jodari?

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Hapa Amu, kisiwani Lamu, sote wazima, magoti yangu tu ndiyo yale yale.

Jana kwenye simu habari ya bili umenisimulia mara tatu: mgeni hapo hotelini kwenu kangoja saa nzima na nusu, samaki kamfikia kaungua juu na mbichi ndani, mhudumu hakuonekana tena, mwisho akakataa kulipa. Lakini neno moja ulilipitia juu juu. Ulisema alilalamika midomo inamwasha na uso ukawa mwekundu, nawe ukamjibu kwamba chakula hakikutiwa pilipili. Mwanangu, samaki huyo alikuwa jodari? Na tangu atoke baharini hadi motoni, alikaa muda gani bila barafu?

Nataka jibu la hilo kabla ya la bili. Jodari akikaa kwenye joto, na nguru na vibua vilevile, bakteria huzalisha histamini, kitu kinachomdhuru mlaji, ndani ya nyama yake. Pengine hanuki wala habadiliki rangi. Ikishaingia haitoki, umchome, umgandishe au umkamulie ndimu kumi. Mlaji huhisi ulimi unawaka kama kala pilipili, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, wakati mwingine hata hajamaliza sahani. Mgeni wa namna hiyo hubishani naye. Sahani inaondolewa, anapelekwa hospitali, na samaki wote wa fungu lile wanatupwa, hata kama walichukuliwa kwa deni.

Najua wanavyofika huko. Wavuvi wanashusha asubuhi, bodaboda anabeba kwenye gunia, jua linapanda, kisha mtu anamtupa mzima ndani ya friza akaona kazi imekwisha. Samaki wa kilo 10 akiingia na joto lake, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na umeme ukikatika ndiyo basi. Barafu kwanza, tena ianzie mashuani. Kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, na iwe imepondwa, kwani mabonge huacha mapengo. Atolewe matumbo na mashavu, aoshwe, tumbo lijazwe barafu. Alale juu ya tabaka la barafu na afunikwe kwa jingine, na maji yanayoyeyuka yapate pa kutokea. Asipite digrii 4. Aliyegandishwa ayeyukie ndani ya friji usiku kucha, si mezani. Lile beseni ulilozoea kuliona jikoni kwangu, samaki wanaelea majini mpaka adhuhuri, usilifuate. Wale walikuwa tafi na changu, si wa jamii ya jodari, na hata wao hawakustahili.

Huko kuungua juu ni kwa sababu mpishi wenu anapaka tui mapema. Nazi ina mafuta na sukari, ikikutana na makaa makali inakuwa nyeusi kabla joto halijafika mfupani. Samaki achanjwe mpaka karibu na mfupa, atiwe chumvi, thaumu na ndimu, achomwe bila tui kwanza, makaa yakiwa yameshashika jivu, hadi nyama ianze kuachana na mfupa. Ndipo apakwe tui zito lililopikwa na ukwaju, kila upande mara mbili au tatu. Tui likiwa motoni likorogwe tu, ukiliacha linakatika.

Kazi hiyo yote ni dakika 40 hivi. Mgeni aambiwe anapoagiza, asingoje mpaka aulize. Na kabla hamjafungua, mpishi awatajie wahudumu kilichopo. Kisichokuwepo kifutwe kwenye menyu. Kumweka mtu nusu saa halafu umwambie kamba hawapo ni kumdharau.

Nakuonea fahari, usidhani vingine. Umri huo na wewe ndiye msimamizi, watu wananipa hongera njiani. Ila kuitazama meza ukajua mtu anataka nini kabla hajanena, hilo hukufunzwa. Sinia lilikuwa likikujia mkekani, na dadako ndiye aliyesimama na birika la kunawishia mikono. Si kosa lako peke yako.

Kaskazi inaingia, joto litazidi na wageni watajaa. Alikuwa jodari au si jodari? Niandikie, usinipigie ukiwa kazini.

Pesa ulizotuma zimefika. Fundi kabadilisha boriti mbili, ya tatu inangoja mwezi ujao. Dadako anakusalimu, anataka umtumie vitambulisho vya shule alivyosahau kwako.

Lile kasha jeupe la barafu la ami yako limekaa bure ukumbini. Jumatatu nitalivusha hadi Mokowe, bara, lipakiwe kwenye basi, ulipokee stendi. Kizibo cha chini kimepotea. Usikitafute, tundu liache wazi maji yatoke.

Mamako