Risala ya Klabu ya Roboti kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni, Moshi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, Mwalimu mlezi wa klabu, walimu, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Kwa niaba ya Klabu ya Roboti tunakukaribisha sana, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, na tunakushukuru kwa kukubali kuja kuona kazi ya mikono yetu.

Kazi yetu ya mwaka huu ni kundi la droni, yaani ndege ndogo zisizo na rubani, zinazoruka pamoja bila kiongozi, na ilianzia shambani. Wengi wetu tumekulia Mabogini na Chekereni, na tangu tukiwa wadogo tumeamia mpunga wa wazazi wetu. Kweleakwelea mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege milioni moja linaweza kumaliza tani 10 kabla jua halijazama. Tulipiga madebe, tukarusha mawe kwa kombeo. Kundi lilikuwa likiinuka na kugeuka kwa mara moja kama shuka lililopigwa na upepo, wala hatukuona ndege akimgonga mwenzake. Shambani hatukupata nafasi ya kuuliza: nani anawapa amri?

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hakuna anayetoa amri. Mwaka 1987 Mmarekani Craig Reynolds alionyesha kwenye kompyuta kwamba kila ndege akifuata kanuni tatu tu, kundi zima hujipanga lenyewe. Usimkaribie mno jirani. Elekea wanakoelekea majirani. Usiachwe na kundi. Umbo la kundi halijaandikwa popote, linazaliwa na mwenendo wa kila mmoja.

Hapa tunaomba tueleweke vizuri. Maonyesho mengi ya droni zinazochora picha angani usiku yanapendeza, lakini kwa kawaida kila droni huwa imepangiwa njia yake mapema. Sisi tulitaka zijiamulie zenyewe, ili moja ikizimika zilizobaki zizibe pengo na kuendelea. Wapo wanaoziita ndege nyuki, na kwa kazi hii jina hilo limetufaa.

Tuna droni nne, kila moja inaenea kiganjani. Zinaruka ndani ya bwalo. Kamera iliyofungwa darini huijulisha kila droni mahali ilipo, kama ambavyo setilaiti zingefanya nje, nazo droni hupashana habari hizo. Pa kwenda, kila droni inajiamulia.

Siku ya kwanza mbili ziligongana, na panga zake zinazozunguka zikavunjika. Tulipekua programu yetu wiki nzima tukitafuta kosa kwenye zile kanuni tatu, kumbe kanuni zilikuwa sahihi. Habari ndizo zilizochelewa. Droni ikienda mita moja kwa sekunde, na habari za jirani zikichelewa nusu sekunde, basi jirani ameshasogea nusu mita kutoka pale inapodhani yupo. Inakwepa mahali patupu, inajirekebisha kupita kiasi, na kundi zima linaanza kuyumba. Kundi la watafiti wa Hungaria, ambalo mwaka 2014 lilirusha droni 10 nje bila kiongozi na mwaka 2018 likarusha 30, nalo lililazimika kuingiza ucheleweshaji huo kwenye hesabu zake. Tulipolijua hilo tulipata moyo sana. Tukapunguza mwendo, na kila droni tukaifundisha kukadiria jirani atakuwa wapi, isitegemee tu alikokuwa. Tangu hapo hazijagongana.

Lakini kuna jambo moja hatujaweza kulijaribu, na ndilo ombi letu kwako. Watafiti wa Italia waliochunguza makundi ya ndege katika anga la Roma walieleza mwaka 2008 kwamba kila ndege hufuatilia majirani sita au saba walio karibu naye, hata kundi likiwa kubwa kiasi gani. Kwa droni nne, kila moja inaziona nyingine zote. Hiyo ni familia mezani, bado si kundi. Tukiwa na 12, kila moja itafuata saba na nne zitabaki nje ya macho yake. Hapo ndipo tutajua kama habari zinapita kutoka jirani hadi jirani mpaka ukingoni. Tunaomba utusaidie kupata droni nane zaidi.

Ombi la pili ni kutuombea njia ya kupata kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ili turuke nje. Tunaishi karibu na Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA), na hatutaki kurusha chochote bila ruhusa. Lengo letu ni kufika kwenye mashamba ya mpunga, kundi la droni likutane na kundi la kweleakwelea kabla hawajatua.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, droni zimechajiwa na ziko tayari bwaloni. Betri zake hudumu dakika chache tu, kwa hiyo tutaziwasha ukishaketi.

Naomba kuwasilisha.