Barua ya malalamiko: Makumbusho matatu, siku tatu, na yote yamefungwa

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

18 Machi 2025

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA PARIS, TAREHE 9 HADI 11 MACHI 2025

Mimi ndiye niliyenunua kwenu kifurushi cha siku tatu za matembezi Paris kwa watu wawili, mimi na baba yangu mzazi. Tumerudi salama. Ninaandika kwa sababu makumbusho yote matatu mliyotupangia, na ambayo tuliyalipia kabla ya kuondoka, mliyaweka kwenye siku ambazo hayafunguliwi. Ninaandika pia kwa sababu ya ujumbe mlionitumia baada ya kulalamika kwa simu, uliosema kwamba "vivutio hubadilisha ratiba bila taarifa".

Hakuna kilichobadilishwa. Jumba la Versailles hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Orsay hufungwa Jumatatu. Louvre hufungwa Jumanne. Ndivyo ilivyo wiki baada ya wiki, na imeandikwa kwenye tovuti zao kwa herufi zinazosomeka. Ratiba yenu, niliyoiambatisha, inasema: Jumatatu asubuhi Versailles, Jumatatu alasiri Orsay, Jumanne asubuhi Louvre. Hata mtu aliyekusudia kutukomoa angepata shida kulenga sawasawa namna hiyo.

Niwape kwanza haki yenu. Makaratasi ya viza mliyashughulikia vizuri. Uthibitisho wa hoteli, tiketi za ndege na bima ya matibabu ya euro 30,000 inayotakiwa vilikuwa tayari mapema, na ubalozini hatukurudishwa hata mara moja. Kwa hiyo sisemi kwamba ofisini kwenu hakuna anayejua kazi. Nasema aliyeandika ratiba si huyo.

Nilikuja kwenu kwa sababu Paris ya siku tatu haina nafasi ya kukosea. Mwenye wiki mbili akikuta mlango umefungwa anarudi kesho yake. Mwenye siku tatu, kesho yake imeshapangiwa kitu kingine, na keshokutwa yuko uwanja wa ndege. Ningeweza kupanga mwenyewe usiku kwa simu, lakini nilikuwa nasafiri na mzee wa miaka 71 mwenye goti bovu, nikaona afadhali nilipe watu wa kazi hiyo. Nilimweleza kijana wenu pale mezani, naye akaandika kwa wino mwekundu juu ya fomu: "Mzee, Versailles ni lazima." Nakala ya fomu hiyo ninayo.

Ilikuwa lazima kwa sababu Baba alifundisha historia zaidi ya miaka 30 kabla ya kustaafu. Kila mwaka aliandika ubaoni tarehe ileile, 28 Juni 1919, siku Mkataba wa Versailles ulipotiwa saini ndani ya Ukumbi wa Vioo. Mkataba ulioifanya Ujerumani iachie makoloni yake yote, Afrika Mashariki ya Wajerumani ikiwamo. Alitaka kuingia kwenye chumba kile na kusimama tu. Mnara wa Eiffel, alisema, hata picha inatosha.

Jumapili nitaipitia haraka. Tiketi ilisema Paris, lakini ndege ya kuunganisha ilitua Beauvais, kilomita 85 hivi kutoka Paris, saa 2:40 asubuhi. Miadi yetu ya lifti ya Mnara wa Eiffel mliiweka saa 4:00. Basi la kutoka Beauvais peke yake linachukua kama saa moja na robo, na hapo bado hujasubiri mizigo. Na hata tungewahi, tungefika na masanduku, na mnarani masanduku makubwa hayaruhusiwi wala hakuna pa kuyahifadhi. Miadi ikatupita tukiwa barabarani. Tuliuona mnara jioni, kwa mbali, tukiwa darajani. Baba akasema haya, picha imetosha kweli.

Jioni hiyohiyo tulikwenda Notre-Dame, kanisa lililoungua tarehe 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024. Nilitoa karatasi yenu iliyoandikwa "Tiketi ya kuingia, watu 2". Mama mmoja aliyekuwa akipanga foleni aliipokea, akaisoma, akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu zaidi, kisha akanirudishia huku akitabasamu na kunionyesha mlango kwa mkono. Kuingia Notre-Dame ni bure. Anayetaka kupunguza foleni anaweka nafasi mtandaoni, na hiyo nayo ni bure. Kwenye ankara yenu mmetuandikia euro 36.

Kuhusu hoteli. Brosha ilisema "hoteli ya Paris, karibu na treni". Karibu na treni ni kweli, sikatai, kwa sababu ilikuwa Roissy, kwenye uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle. Paris ina mitaa mikuu 20 iliyojizungusha kama gamba la konokono kuanzia pale Louvre, na anwani zake zote zina msimbo wa posta unaoanza na 75. Ya hoteli yetu inaanza na 95. Ningelijua hilo mapema nisingesaini. Tulitua uwanja mmoja tukalala kwenye uwanja mwingine, na kila tulipotaka kuuona mji tulipanda RER, treni ya kuunganisha mji na vitongoji vyake, kwa euro 13 kwa kila mmoja, wakati tiketi ya metro kwa mtu anayelala ndani ya mji ilikuwa euro 2.50.

Sasa Jumatatu. Tuliamka alfajiri, tukapanda RER B, tukabadilisha Saint-Michel, tukashika RER C hadi Versailles Château Rive Gauche. Kutoka kituoni ni mwendo wa dakika kama 10. Kwa goti la Baba, 20. Kilichonishtua kwanza ni utulivu. Nilitegemea foleni na mabasi ya watalii, lakini uwanja ule mpana wa mawe mbele ya jumba ulikuwa na njiwa na mtu mmoja anayekimbia mazoezi. Geti la dhahabu limefungwa. Baba alishika vyuma kwa mikono miwili akachungulia ndani. Mlinzi akatusogelea, mtu mpole, akasema neno moja, "lundi", yaani Jumatatu, akanyoosha kidole kwenye ubao wa saa za kufungua. Baba akatoa miwani mfukoni, akaufuta ukungu, akausoma ubao wote mstari kwa mstari kama anasahihisha daftari. Kisha akanigeukia: "Hawa watu wako, kalenda hawana?"

Sikuwa na jibu. Ninawaachia ninyi swali hilo.

Bustani zilikuwa wazi, tukazunguka nyuma. Kutoka huko Ukumbi wa Vioo unauona kwa nje, ghorofa ya kwanza, madirisha 17 yaliyopangana. Baba aliyahesabu kwa kidole. Ndani, mkabala na madirisha hayo, kuna matao 17 yenye vioo 357, na ndiyo hayo aliyoyafuata. Sisi tulikuwa upande wa pili wa ukuta, tunatazama mapazia.

Nikiwa nimekaa kwenye benchi pale bustanini niliwapigia simu mara tatu. Mara mbili nilisikilizishwa muziki, mara ya tatu nikaambiwa ombi langu limepokelewa. Nikafungua tovuti ya Orsay mwenyewe: Jumatatu, imefungwa. Nikafungua ya Louvre: Jumanne, imefungwa. Hapo ndipo nilipoanza kuzitazama vizuri "tiketi" zenu. Na hili ndilo ninalotaka mlisome polepole, maana kuchanganya siku ni kosa la kibinadamu na ningeweza kulimeza.

Makumbusho haya hayauzi tiketi za siku ambayo yamefungwa. Ukiingia kwenye tovuti zao ukachagua Versailles Jumatatu, hupati jumba. Ukichagua Louvre Jumanne, siku yenyewe haibonyezeki. Maana yake, kama yeyote ofisini kwenu angejaribu kweli kutununulia tiketi hizo, kalenda ingemkatalia papo hapo na kosa lingegundulika kabla hatujafunga masanduku. Halikugundulika kwa sababu hakuna aliyejaribu. Karatasi mlizotupa ni vocha mlizochapa wenyewe, zina nembo yenu, hazina msimbo wa kuskani, hazina namba ya makumbusho yoyote. Za Mnara wa Eiffel zilikuwa halisi, zina msimbo na saa, kwa hiyo tofauti mnaijua. Pesa zetu za Versailles, Orsay na Louvre mlizipokea, na hazikufika popote zaidi ya kwenu.

Mchana huo nilinunua tiketi mbili za Louvre kwa simu yangu, euro 22 kila moja, nafasi ya saa 9 alasiri. Jumatatu Louvre iko wazi hadi saa 12 jioni. Tulipata saa tatu, na Baba alitumia moja nzima mbele ya jiwe la sheria za Hammurabi, jiwe jeusi lenye urefu wa zaidi ya mita mbili, la Babeli, lenye karibu miaka 3,800. Hilo nalo alilifundisha. Akanieleza kwamba humo kuna sheria ya fundi: akimjengea mtu nyumba vibaya, ukuta ukaanza kuinama, fundi atauimarisha kwa fedha yake mwenyewe. Akaongeza kuwa kuna nyingine kali zaidi, nyumba ikimwangukia mwenye nyumba akafa. Hiyo siwaombei.

Jumanne ndege yetu ilikuwa saa 8 mchana. Nilipiga hesabu ya Versailles: jumba linafunguliwa saa 3 asubuhi, njia ni saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi. Haikuwezekana. Nikapendekeza angalau Orsay, ambayo hufunguliwa saa 3:30. Baba alikuwa amekaa kitandani, mguu ameunyoosha, akasema, "Wacha, mwanangu, tusije tukachelewa na ndege nayo." Tukabaki hotelini tukitazama ndege za watu wengine zikiruka. Na viza ilikuwa ya siku zilezile tulizoombewa, kwa hiyo suala la kuongeza siku halikuwapo.

Kinachoniuma ni jinsi marekebisho yenyewe yalivyo madogo. Versailles hufunguliwa Jumapili, na kwa kuwa Eiffel haikuwezekana asubuhi ile hata kidogo, mngetupeleka Versailles Jumapili mchana, Louvre Jumatatu, Orsay Jumanne asubuhi kwa ndege ya jioni. Ni makumbusho yaleyale, siku zilezile, kwa fedha ileile. Ilitakiwa mtu mmoja atumie dakika 10.

Ninachodai ni hiki. Mrudishe kiasi chote mlichotuandikia kwenye ankara kwa tiketi za Versailles, Orsay na Louvre, pamoja na zile euro 36 za mlango usiolipiwa wa Notre-Dame. Euro 44 nilizolipa mwenyewe Louvre sizidai, maana tuliingia. Mrudishe fedha ya tiketi za Eiffel, kwa kuwa mliiweka miadi kwenye saa ambayo ndege mliyoichagua ninyi haikuruhusu. Kuhusu nauli, tulisafiri kati ya hoteli na mji mara tano, watu wawili, jumla euro 130. Nimetoa euro 25 ambazo tungelipa kwa metro hata tungelala mjini, nikatoa na 26 za kwenda uwanja wa ndege Jumanne, ambazo tungelipa kama tungelala mjini. Zimebaki 79. Mnilipe hizo 79. Lile punguzo la asilimia 10 kwa safari ijayo mliloniahidi kwenye ujumbe sitalitumia, msilihesabu kama malipo.

Nataka pia maelezo ya maandishi kuhusu vocha: nani aliidhinisha kututoza tiketi ambazo hazikununuliwa, na je, ndivyo mnavyofanya kwa kila mteja? Jana nimeona bado mnatangaza safari hiyohiyo ya siku tatu, Jumapili hadi Jumanne, na Versailles imekaa palepale Jumatatu. Iondoeni leo, kabla ya kunijibu mimi.

Nimeambatisha ankara, ratiba, vocha zote tano, picha ya ubao wa Versailles yenye tarehe na saa, risiti za RER na nakala ya fomu. Nasubiri majibu ndani ya siku 14, kwa maandishi, si kwa simu; muziki wenu nimeshausikia wa kutosha. Fomu halisi yenye wino mwekundu iko kwenye faili lenu. Itafuteni muisome kwanza.

Wenu,
Mteja wa safari ya Paris, watu wawili, 9 hadi 11 Machi