Ahsante sista wa jeti ya Mokowe
Jamani niruhusuni nimshukuru mtu hadharani. Mamangu ana sukari, kidonda cha unyayo kilishaanza kunuka na tulikotoka tuliambiwa tu turudi wiki ijayo. Pale jeti (gati) ya Mokowe tukingoja boti ya Amu (Lamu), sista mmoja wa Kikatoliki, ni nesi, akaona bandeji imelowa akauliza, bi mkubwa, mguu wauma? Mama akasema hauumi, hapo ndo sista akashtuka, kumbe sukari huua hisia za miguu, mtu anaweza kukanyaga msumari asijue. Akavuka na sisi, akakiosha kidonda kwa dripu ya maji ya chumvi, akakagua kila kidole mpaka katikati, akautupilia mbali ule unga wa majani alotuletea jirani tuupake (jirani mwenyewe hakumsema vibaya, nilipenda). Adhana ilipotoka akakaa kando mama aswali kwanza. Basi akawa anakuja kufunga upya, pesa hataki, chai na mahamri tu, na sasa kidonda kimefunga. Wenye wazazi wa sukari wakagueni nyayo kila jioni, na msiwatumbukize miguu kwenye maji ya moto. Sista, mama anakusalimu sana, Mungu akulipe.