Shaabani, lifungue lile daftari

Swahiba wangu Shaabani,

Assalaam aleikum. Habari za siku nyingi, habari za nyumbani, habari za Mama Zuhura na goti lake? Sisi huku wazima, baridi imeanza kulegea, watoto wanakula kuliko mshahara. Tumenyamaziana mno, lakini hayo tutagombana siku nikija. Leo nina shida, na shida yenyewe ni ya giya, kwa hiyo ukiona nimeruka salamu za nusu ya Morogoro ujue sababu.

Nilikuambia kwamba Jumamosi najitolea kwenye reli ndogo ya watalii huku milimani. Ukacheka, ukasema mtu katoroka karakana akavuka bahari kwenda kufanya kazi ya karakana bure. Cheka tu. Kichwa chenyewe cha treni ni cha mvuke, aina ya Shay, na ile picha niliyokutumia haikupinda. Ndivyo kilivyo: boila imesogezwa kushoto, silinda zote zimesimama wima upande wa kulia, na boila ikasogezwa ili uzito ulingane. Bonge alipoiona picha aliuliza kama kimegongwa.

Sasa tulia unisikilize, maana bila hili hutauelewa ugomvi wetu. Kichwa hiki hakina zile fito za kusukuma magurudumu tulizoziona kwenye vichwa vya mvuke vya zamani. Silinda zinazungusha kranki, na kranki inazungusha shafti iliyolala ubavuni kulia, nje kabisa, kutoka bogi la mbele (kile kigari cha ekseli na magurudumu kilichobeba kichwa) hadi la nyuma. Kwenye shafti kuna pinioni, giya ndogo, na kila pinioni inang'ata giya kubwa iliyofungwa kwa bolti kwenye uso wa nje wa gurudumu la kulia. Ekseli zote zinavuta, hakuna abiria. Kati ya kranki na kila bogi kuna propela, kipande cha shafti chenye joint krosi mbili, vile viungo vinavyozunguka hata vikipinda, na katikati yake shafti ya mraba inayoingia na kutoka ndani ya mkono wake ulio kama bomba, ili bogi likigeuka kwenye kona propela irefuke au ifupike bila kuvunja kitu.

Aliyekibuni, Ephraim Shay, alikuwa mtu wa magogo kule Michigan. Hataza yake ni ya mwaka 1881, na kiwanda cha Lima, Ohio, kikatengeneza zaidi ya 2,700. Kazi yake ilikuwa kupanda milima kwenye reli zilizotandazwa haraka haraka, mwendo wa maili 10 au 12 kwa saa. Sauti yake inakudanganya. Kwa sababu ya giya, injini inazunguka mara nyingi kuliko magurudumu, basi unasikia treni ya kasi inakuja, ukigeuka kutazama inapitwa na mbwa.

Chetu sasa kinalia. Siyo ule mlio wake wa kawaida, huo tumeuzoea. Kila kikiingia kona ya kushoto, bogi la mbele linatafuna kama mtu aliyekutana na mawe ndani ya wali, kisha njia ikinyooka linanyamaza. Kona ya kulia halitafuni, ila linavuma, mvumo mzito, na ukigusa boksi za shafti, zile nyumba za beringi zinazoishika, baada ya hapo zina moto kuliko zilivyokuwa asubuhi.

Mkubwa wetu wa Jumamosi anataka tuagize giya mpya. Huyu bwana kabla ya kustaafu alikuwa daktari wa meno, naapa, na dawa yake ni ileile: ng'oa, weka mapya. Mtu mzuri, analeta kahawa na mikate kila wiki, lakini fedha anayotaka kuitupa hapo ingetosha kulifumua bogi zima na chenji ikabaki. Nimemwambia meno hayana kosa. Ameniangalia kwa huruma.

Hebu niamulie wewe. Nilianza na yale mepesi. Bolti zinazoshika giya kwenye gurudumu: zimekaza. Giya inazunguka sawasawa au inayumba? Tuliinua bogi kwa jeki, nikaweka daili geji, ile saa ya kupimia kuyumba, nikazungusha pole pole. Haiyumbi kiasi cha kulalamikia. Kisha propela. Hapo ndipo nilipokutana na kazi ya fundi mmoja wa zamani ambaye Mungu amsamehe popote alipo. Ile shafti ya mraba, unajua, inaingia kwenye mkono wake kwa namna nne, na namna mbili kati ya hizo ni mbaya. Ukiizungusha robo, joint krosi ya huku na ya kule hazilingani tena, na kila mzunguko mmoja shafti ya bogi inakwenda mbio, inazubaa, inakwenda mbio, inazubaa. Pinioni inapiga meno ya mbele, inaegemea ya nyuma. Aliifunga hivyo akaondoka zake, na sijui imezunguka hivyo kwa miaka mingapi. Tukaichomoa, tukaisafisha, tukaitia grisi, tukaifunga inavyotakiwa. Mtikisiko ukapungua, kila mtu akafurahi, daktari akanunua pitsa. Kona ya kushoto ikaendelea kutafuna.

Ndipo nikachukua mtaimbo nikasukuma ekseli pembeni. Shaabani, ilitembea. Zaidi ya robo inchi, huku na huku, kwa mkono mmoja. Nyuso za boksi zinazoshika ekseli na kitovu cha gurudumu zimelika mpaka zimekuwa na mabonde.

Wewe utasema robo inchi kitu gani, vichwa vyenu vinatembea pembeni na maisha yanaendelea. Ni kweli, na ndicho ninachoshindwa kumweleza daktari. Kwenye vichwa vya dizeli, mota ya umeme inayovuta imeegemea ekseli yenyewe kwa beringi zake, upande wa pili umening'inia kwenye fremu ya bogi. Ekseli ikipanda, mota inapanda nayo, na umbali kati ya pinioni na giya unabaki uleule mpaka hizo beringi zenyewe zichoke. Tena meno yamekatwa yamelala sambamba na ekseli, kwa hiyo mota ikisogea kidogo pembeni meno yanateleza ubavu kwa ubavu, kina cha kung'atana hakibadiliki. Huku meno ni ya koni. Shafti inakwenda urefu wa treni, ekseli inakwenda upana, zinakutana kwa pembe mraba. Ekseli ikisogea kulia, giya inajikandamiza ndani ya pinioni. Ikisogea kushoto, giya inaikimbia pinioni. Kila mtembeo wa pembeni unakuwa mabadiliko ya kina, hakuna msamaha.

Sasa ichukue kona ya kushoto. Reli ya nje ni ya kulia. Inaisukuma flenji, ule ukingo wa gurudumu, ya gurudumu la kulia kwenye ekseli ya mbele, ekseli inakimbilia kushoto mpaka boksi iizuie, na kwa kuwa boksi haizuii tena, giya inaachana na pinioni hadi wanashikana kwa ncha za meno tu. Ndiko kutafuna kwenyewe. Kona ya kulia mambo yanageuka, meno yanazama mpaka mwisho, hakuna nafasi, ndio ule mvumo na boksi za moto. Nilipaka bluu, rangi inayoonyesha meno yanapogusana, nikazungusha, ekseli ikiwa imesukumwa kushoto kwanza, halafu kulia. Alama ya kwanza ilikaa nchani, kamstari kembamba. Ya pili ikashuka mpaka chini ya jino. Nikampigia picha daktari. Akasema unaona, meno yamelika vibaya!

Na juu ya yote giya zenyewe ziko uchi. Hazina kasha. Tunazipaka lile grisi jeusi zito linalonata, nalo linashika kila kitu: vumbi la makaa, majani, na ule mchanga tunaomwaga kwenye reli magurudumu yasiteleze. Ndugu zake Shay, vichwa vingine vya giya vinavyoitwa Climax na Heisler, shafti yao inapita katikati chini ya boila, na giya za Heisler zimefunikwa. Heisler hata hana tamaa ya giya nyingi: kila bogi lina giya kwenye ekseli moja tu, ya pili inavutwa kwa fito. Mtu anaweza kusema hao walifikiri zaidi. Mimi bado namtetea Shay, kwa sababu ukitaka kuona kinachomuuma huna haja ya kulala chini yake, unachuchumaa tu pembeni na kikombe chako cha kahawa.

Mwaka jana tulikwenda Cass, West Virginia, mimi na mama watoto. Kile kiwanda cha mbao kilifungwa mwaka 1960, na tangu 1963 njia yake ya magogo inapandisha watalii, mpaka mwinuko wa asilimia 11. Asilimia 11, Shaabani, kwa magurudumu ya chuma juu ya chuma! Wako na Shay ya mwisho kabisa kutengenezwa, ya mwaka 1945, jitu lenye silinda tatu na mabogi matatu. Mama watoto alikuwa anapiga picha milima, mimi nimechuchumaa natazama pinioni. Nilichokiona ni kwamba linapoondoka na mzigo, meno yanashikana bila kishindo. Giya siyo mpya, zimeng'aa kwa kazi, lakini zimeng'aa katikati ya jino. Basi nikarudi nyumbani nikiwa sijui tena kunyamaza.

Mpango wangu ni huu, niambie kama nimerukwa na akili. Kwanza ekseli ikae mahali pake: pleti za shaba kati ya kitovu cha gurudumu na uso wa boksi, ili matembezi ya pembeni yaishe. Kisha zile shaba zinazokaa juu ya shingo ya ekseli, maana nazo zimelika, na zikilika fremu ya bogi inashuka, inashuka na shafti yake, na mstari wa shafti hauupitii tena mstari wa ekseli. Baada ya hapo boksi za shafti, kwa shimu, vile vipande vyembamba vya kujazia nafasi. Halafu pinioni yenyewe mbele au nyuma kwenye shafti, mpaka bluu ikae katikati ya jino. Giya mpya ziwe za mwisho, na huenda zisihitajike kabisa. Daktari anataka kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Giya mpya juu ya ekseli inayotembea zitalika zilevile, tofauti ni kwamba safari hii tutakuwa na risiti.

Ninapokwama ni kwenye kiasi. Ekseli ikibanwa kabisa, bogi halitakubali kona, flenji zitakula reli na reli zitakula flenji. Ikiachiwa, tumerudi tulikotoka. Najua kuna namba. Mzee Pazi alikuwa anaijua, alishika mvuke kabla sisi hatujajua kushika spana, na wewe ulinakili ule mchoro wake wa kitovu na boksi kwenye daftari la kijani. Nilikuwepo, ulikuwa unanikinga nisiuone.

Mengine kwa ufupi. Kazini hamna jipya, nakereza vyuma siku tano ili nipate ruhusa ya kuhangaika na vyuma siku ya sita. Binti kapata leseni ya gari, nalala macho wazi. Wale uliosema watakuja kunitafuta hawajaja, na ile hela ya Kidevu… hiyo tutazungumza kwa simu, siiandiki.

Sasa nijibu. Daftari la kijani lipo, au panya wamelimaliza? Mzee Pazi aliacha nafasi kiasi gani pembeni, na alipimia ekseli ikiwa ya baridi au imetoka kazini? Pleti aliifunga upande wa gurudumu au upande wa boksi? Ule ujanja wake wa kubana kipande cha waya wa risasi kati ya meno halafu kuupima ulivyobanika, aliufanya sehemu ngapi za giya? Unadhani ekseli ya nyuma ya bogi niipe nafasi ileile ya ya mbele, wakati kwenye kona hazisukumwi sawa? Na treni yenu mpya ya umeme umeshaipanda, au bado unaisusia? Idi aliuza ile mashine ya kukerezea? Zuhura kamaliza chuo?

Piga picha kurasa zote zenye michoro, za nyuma pia, unitumie kwa WhatsApp kabla ya Ijumaa, maana kikao chao cha kuagiza giya ni Jumamosi asubuhi. Usimpe Bonge kazi ya kupiga picha. Safari ile alinitumia kidole chake.

Wako,
Mashaka